Boma, Bati na Mpaka: Historia ya Makazi ya Sikuda na Majirani Zake

Historia ya makazi katika ukanda wa Busia na Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya, husimuliwa mara nyingi kama historia ya vifaa vya ujenzi: nyasi ziliondoka yakaja mabati, udongo ukapisha tofali, na duara likageuka mstatili. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini yanaficha jambo la msingi, nalo ni kwamba katika kipindi chote ambacho kuta na mapaa yalikuwa yakibadilika, kanuni za nani alale wapi, nani aingie nyumba ya nani, na mlango wa nani utazamane na lango zilibaki karibu vilevile. Makala haya yanafuatilia aina hizo mbili za mabadiliko, yale ya haraka ya vifaa na yale ya polepole ya mpangilio, katika Sikuda na maeneo yanayoizunguka, ili kuonyesha kwamba utawala, kodi na biashara ya mpakani viligeuza sura ya nyumba mapema sana, ilhali boma lenyewe lilianza kutikisika pale tu ardhi ilipopungua na chumba cha kupanga kilipoingia.

Sikuda ni gombolola, yaani kitengo cha utawala kilicho chini ya kaunti kwa mfumo wa Uganda, katika wilaya ya Busia, ambayo ilimegwa kutoka wilaya ya Tororo mwaka 1997. Tororo nayo ilikuwa zamani sehemu ya wilaya kubwa ya Bukedi. Wakazi wa ukanda huu ni mchanganyiko wa muda mrefu. Wako Wagwe na Wasamia, ambao lugha zao ni za Kibantu na ambao wana undugu na Waluhya wa Kenya. Wako Wateso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti cha mashariki na ambao walisogea kusini kwa makundi katika karne ya 18 na ya 19. Na upande wa Tororo wako Wapadhola, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kijaluo. Kwa sababu jamii hizi zimeoleana, zimepigana na kuuziana mazao kwa vizazi kadhaa, nyumba zao zilifanana zaidi kuliko lugha zao, na si rahisi kuchora mstari kati ya mtindo wa kabila moja na wa jingine.

Boma lenye ukuta

Makazi ya kale yanayokumbukwa zaidi katika nchi iliyo kati ya mlima Elgon na ziwa Victoria ni kijiji kilichozungushiwa ukuta. Waluhya hukiita lukoba, na Wajaluo huziita ngome za namna hiyo gunda bur. Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo uliotolewa katika handaki lililochimbwa kuzunguka kijiji, kwa hiyo kila shehena ya udongo iliyopanda juu ya ukuta iliongeza pia kina cha shimo lililokuwa mbele yake, na adui alikabiliwa na vizuizi viwili kwa kazi moja. Lango lilikuwa jembamba na fupi, likizibwa usiku kwa magogo mazito, na ndani yake walikaa watu wa ukoo mmoja pamoja na wakwe na wakimbizi waliopewa hifadhi, wakiwa na mifugo yao. Kusini zaidi, mahali palipo na mawe mengi, ngome za aina hiyo zilijengwa kwa mawe yasiyounganishwa kwa udongo, na mfano wake maarufu ni Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018.

Msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson, aliyevuka nchi iliyoitwa Kavirondo mwishoni mwa mwaka 1883 na kufika ziwani karibu na nchi ya Wasamia, alivikuta vijiji vyenye kuta za udongo vikiwa hai. Sababu za kuwapo kwa kuta hizo hazikuwa za siri: kusogea kwa Wateso kuelekea kusini kulizua ugomvi wa ardhi na wenyeji, wizi wa ng'ombe ulikuwa wa kawaida, na misafara ya biashara kutoka pwani iliyopitia kwa Mumia, mtawala wa Wawanga, ilileta bunduki. Hata hivyo ulinzi wa udongo ulikuwa na mpaka wake, na mwaka 1895, wakati Charles Hobley alipoongoza kikosi cha Waingereza dhidi ya Wabukusu, ngome za Lumboka na Chetambe zilivunjwa, tukio ambalo linakumbukwa hadi leo huko Bungoma kama mwisho wa enzi ya kuta.

Upande wa magharibi, jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu na wafuasi wake walieneza utawala wa Kiingereza katika Bukedi na Teso tangu mwaka 1899, na kwa muda wa miaka mingi maakida wa Kiganda ndio waliosimamia vijiji vya eneo hilo. Amani ya kulazimishwa iliyofuata iliondoa haja ya ukuta. Familia zilianza kutoka ngomeni na kujenga kila moja katika mashamba yake, mahandaki yakajaa udongo, na mahali pa vijiji vya kale pakabaki vijilima virefu ambavyo wakulima huvilima kwa kuwa vina rutuba ya samadi ya miaka mingi. Hayo yalikuwa mabadiliko ya kwanza makubwa ya makazi katika ukanda huu, na yalitokea kabla bati hata moja halijafika.

Nyumba ya duara na sheria zake

Boma lililotoka ndani ya ukuta lilibeba pamoja nalo nyumba ya duara. Ujenzi wake ulianza kwa kigingi na kamba, ambavyo vilitumika kuchora mduara juu ya ardhi iliyosafishwa. Kisha nguzo zilisimikwa kufuata mduara huo, zikafungwa fito kwa kamba za magome au za mafunjo kutoka mabondeni, na nafasi zilizobaki zikajazwa udongo uliokandwa kwa miguu, kazi ambayo huitwa kukandika. Udongo uliopendwa zaidi ulikuwa wa kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchuja na kuushikamanisha, na ukikauka haupasuki ovyo. Paa la umbo la pia liliezekwa kwa nyasi zilizokatwa wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Machi, na likateremshwa chini kupita ukuta ili kufanya baraza iliyokinga udongo dhidi ya mvua. Wanaume walisimika na kuezeka, wanawake wakabeba maji na nyasi, wakakandika, wakasiriba sakafu kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, na majirani waliokuja kusaidia walilipwa kwa pombe ya wimbi iliyonywewa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja. Majembe na mapanga ya kazi hiyo yalitoka karibu, kwa maana wahunzi wa vilima vya Samia walisifika kwa kuyeyusha chuma na kuuza majembe kwa Wajaluo na Wasoga muda mrefu kabla ya majembe ya viwandani.

Kwenye kilele cha paa la mwenye boma palisimama kijiti kilichochongoka, ambacho Waluhya wengi hukiita shisuli au sisuli na Wajaluo hukiita osuri. Kijiti hicho hakikubeba uzito wowote wa paa. Kilikuwa alama kwamba nyumba ina mume aliye hai, na mwenyewe alipofariki kiliondolewa au kuvunjwa, hivyo mpita njia aliweza kujua hali ya boma kabla hajapiga hodi. Karibu na nyumba kulikuwa na ghala, lililosukwa kwa fito kama tenga kubwa, likasiribwa kwa samadi, likainuliwa juu ya mawe au miguu ya miti, na kufunikwa kwa paa dogo la nyasi lililonyanyuliwa kwa mti ili kuchota wimbi au mtama. Wateso huliita edula na Wapadhola huliita dero, na kila mke alikuwa na lake, kwa kuwa kila mke alilima shamba lake na kulisha watoto wake.

Mpangilio wa majengo hayo ulikuwa sheria isiyoandikwa. Katika maboma mengi nyumba ya mke mkubwa ilitazamana na lango, nyumba za wake wengine zikapangwa pande mbili kwa kufuata tarehe ya ndoa, na vibanda vya vijana wa kiume, ambavyo Wasamia huviita esimba na Wajaluo simba, vikasogezwa karibu na lango, mahali ambapo kijana angeweza kuingia na kutoka bila kupita mbele ya mlango wa wazazi wake. Kijana aliyefikia balehe hakulala tena nyumbani mwa mama yake. Mkwe wa kiume na mama mkwe waliepukana, wasilale wala kula chini ya paa moja. Na baba hakuingia chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Mwanaanthropolojia Mmarekani Ivan Karp, ambaye kitabu chake juu ya Wateso wa Kenya kilitoka mwaka 1978, alionyesha kwamba hata mahali pa kuketi kuzunguka chungu cha pombe palifuata heshima za ukoo na ukwe. Nyumba, kwa maana hiyo, ilikuwa chombo cha kutenganisha watu ambao mila iliwataka waheshimiane kwa mbali, na ndiyo sababu familia moja ilihitaji nyumba nyingi ndogo badala ya moja kubwa.

Kodi ya nyumba na fedha ya pamba

Serikali ya kikoloni ilipotafuta kitu cha kutoza, ilichagua kitu ambacho hakikuweza kufichwa, yaani nyumba. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na utaratibu huo ukapelekwa baadaye mashariki. Mwaka 1901 kanuni za kodi ya nyumba zilitungwa pia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Katika jamii ambamo kila mke ana nyumba yake, kodi ya namna hiyo iligeuka kuwa kodi ya ndoa, kwa sababu mwanamume mwenye wake watatu alihesabiwa mara tatu, na mjane aliyekaa peke yake alihesabiwa pia. Mpangilio uliowekwa kwa ajili ya heshima ukawa gharama ya fedha taslimu, na Uganda ikalazimika hatimaye kuegemea zaidi kodi ya kichwa, inayotozwa mtu badala ya paa.

Katika kipindi hichohicho mpaka wenyewe ulisogezwa. Nchi yote ya Wasamia ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902, siku ambayo jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, na mistari iliyofuata mito ya Sio na Malaba ikagawa koo ambazo zilikuwa zikizika na kuoana upande wowote. Kwa wakazi wa makazi yaliyo karibu na mstari huo, ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kulipa kodi kwa serikali mbili bila yeyote kati yao kuhama.

Fedha ya kulipa kodi ilitokana na pamba, ambayo mbegu zake zilianza kugawiwa Uganda mwaka 1903 na 1904 na ambayo mashariki ya nchi iliipokea kwa bidii. Reli iliyotoka Mombasa kupitia Eldoret na Malaba ilifika Tororo katika miaka ya 1920, na kufikia mwaka 1931 ilikuwa imeingia Kampala, hivyo pamba ilisafiri kwenda pwani na mabati yakarudi kwa mabehewa yaleyale. Yaliuzwa katika maduka ya Wahindi, ambayo yenyewe yalileta mfano mpya wa jengo la mstatili lenye duka mbele, makazi nyuma, na baraza ndefu inayotazama barabara. Wa kwanza kununua walikuwa machifu, walimu, makatekista na, baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi na akiba yao. Bati lilikuwa na manufaa yaliyo wazi, kwa maana halikuhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, halikushika moto wa jikoni, na halikuwapa panya maficho, jambo ambalo serikali ililitilia mkazo kwa hofu ya tauni. Lakini bati limetengenezwa bapa na lenye pembe nne, haliwezi kupindwa likafuata duara, na kwa sababu hiyo kuta zililazimika kunyooka. Nyumba ya pembe nne haina kilele kimoja, na pamoja na duara kijiti cha sisuli nacho kikakosa mahali pa kusimama.

Saruji, magendo na hati za ardhi

Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta vifaa vya kudumu karibu na Sikuda. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza kuzalisha mwaka 1953 kwa kutumia mawe ya chokaa ya eneo hilo, na tofali za kuchoma zilizofyatuliwa katika udongo wa vichuguu na mabonde zikaanza kuchukua nafasi ya kuta za kukandikwa. Tofali hizo hupangwa kuwa tanuri lenyewe, likiachiwa matundu chini ya kuingizia kuni, hufunikwa udongo na kuchomwa kwa siku kadhaa, na mahitaji ya kuni ni sehemu ya sababu iliyofanya mikaratusi ienee katika mashamba.

Mwendo huo ulikatizwa na utawala wa Idi Amin. Agizo la Agosti 1972 la kuwafukuza Waasia liliondoa wenye maduka na mawakala wa mabati kwa muda wa siku 90, uzalishaji wa viwanda ukaanguka, na misumari, saruji na bati vikawa bidhaa za kutafutwa kwa magendo, yaani biashara ya kukwepa sheria na ushuru. Baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazili mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa wingi kuingia Kenya kupitia Busia, Malaba na soko la Chepkube, huku bidhaa za viwandani zikirudi kwa njia za panya zilezile. Umbo la makazi likaonyesha hali hiyo: familia zilizoshindwa kununua bati zilirudi kwenye nyasi, ilhali walionufaika na mpaka walijenga nyumba za saruji katika mji wa Busia.

Mpaka ulileta pia tofauti isiyoonekana kwa macho. Upande wa Kenya, mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 viliweka ardhi katika vipande vyenye mipaka na hati za mtu mmojammoja, hivyo kaka waliorithi waligawana shamba kwa mistari iliyopimwa, na kila mmoja akajenga boma lake katika kipande chake. Upande wa Uganda, umiliki wa kimila ulitambuliwa rasmi na Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, na katika sehemu nyingi shamba lilibaki chini ya familia, mgawanyo wake ukiamuliwa na wazee. Mila ileile ya boma ikawa inaendeshwa kwa sheria mbili.

Hata hivyo, atakayeingia leo katika boma la wastani la Sikuda ataona kwamba kanuni za zamani zimejipenyeza ndani ya vifaa vipya. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 80.3 ya makazi ya nchi hiyo yameezekwa kwa bati, na hali ya vijijini mpakani haiko mbali na hiyo. Lakini nyuma ya nyumba ya bati aghalabu kuna kibanda cha duara cha nyasi ambacho kimekuwa jiko, kwa kuwa moshi hupenya taratibu katika nyasi na joto la mchana halipigi kama chini ya bati. Mtoto wa kiume akibalehe hujengewa chumba chake pembeni, mara nyingi kwa mabati ya geji 32, ambayo ni membamba na ya bei nafuu kuliko yale ya geji 28 yaliyoezekwa kwenye nyumba ya wazazi, na kijengo hicho bado huitwa esimba au simba. Ghala ndilo lililopotea zaidi, kwani mihogo huweza kuachwa ardhini hadi itakapohitajika, na mahindi huhifadhiwa katika magunia ndani ya nyumba kwa kuhofia wezi.

Chumba cha kupanga

Badiliko linalogusa mpangilio wenyewe ni la karibuni zaidi, nalo ni chumba kimoja cha kupanga, ambacho nchini Uganda huitwa muzigo. Vyumba hivyo hujengwa kwa safu chini ya paa moja refu, kila kimoja kikiwa na mlango na dirisha dogo, huku choo na bomba la maji vikitumiwa na wapangaji wote. Katika mji wa Busia hujaa madereva wa malori, mawakala wa forodha na wachuuzi, ambao biashara yao iliongezeka baada ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2018; katika eneo la Tiira, ambako dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 na ambako wachimbaji wadogo wamerejea kwa wingi, vyumba vya namna hiyo vimeinuka kandokando ya mashimo. Ndani yake pazia hutenganisha kitanda na jiko la mkaa, wazazi na watoto wakubwa hulala katika nafasi moja, na mama mkwe akija kumtazama binti yake hana mahali pa kulala bila kuvunja mwiko. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukanda huu, aina ya makazi imefuta umbali ambao nyumba nyingi ndogo zilikuwa zimeulinda.

Hata hapo, mila haikusalimu amri, ilihama. Wapangaji wengi huendelea kuhesabu kwamba kwao ni kule kwenye boma, na mwanamume asiyejenga hata kibanda huko hudharauliwa hai na kuleta taabu akifa, kwa kuwa desturi humtaka azikwe mbele ya nyumba yake. Jambo hilo lilipata uzito wa kisheria mwaka 1987, pale Mahakama ya Rufani ya Kenya ilipoamua kwamba wakili Silvano Melea Otieno, aliyeishi na kumiliki nyumba Nairobi, azikwe Nyalgunga katika Siaya, kwa watu wa ukoo wake, kinyume cha matakwa ya mjane wake. Kabla ya hapo Mahakama Kuu ilikuwa imesikiliza kwa muda mrefu ushahidi wa tofauti kati ya mahali mtu anapolala na mahali alipo na boma. Siaya iko jirani na Busia, na hoja zilizotolewa katika kesi hiyo zingeeleweka bila mkalimani wa mila kwa Msamia, Mgwe au Mpadhola.

Inafuata kwamba uchunguzi wa makazi ya Sikuda unaohesabu mabati na tofali pekee utaona maendeleo ya moja kwa moja, ilhali unaochora ramani ya boma zima, milango yake na watu wanaolala nyuma ya kila mlango utaona historia nyingine, ambamo vita, kodi, pamba, magendo na hati za ardhi viligeuza kuta mara nyingi bila kuugeuza mpangilio. Kinachoamua sasa ni ukubwa wa shamba. Familia yenye ekari chache na wana wengi haiwezi kumjengea kila mmoja karibu na lango, na mahali ambapo nafasi hiyo imekwisha, ni sheria ya ardhi, zaidi kuliko aina ya paa, ndiyo itakayoamua ni sehemu gani ya boma la Wasamia, Wagwe, Wateso na Wapadhola itakayorithiwa na kizazi kijacho.